Chubwi la Baba na Kibanio cha Salum

Baba, shikamoo. Joto la Maskati linachoma mpaka soli za viatu, ila mie mzima.

Leo asubuhi binamu Salum kanichukua kuvua nguru kwa kayaki. Kanunua kibanio kinachoachia chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana, samaki akila, ili mshipi ubaki mwepesi. Mie nikakishuku. Chubwi ulilolimimina kwa mkono wako likazame hivi hivi? Nikalifunga kwa uzi kwenye mshipi, kimya kimya, lisiachie. Nguru akala, akatikisa kichwa, chubwi likaning'inia na kuing'oa ndoana mdomoni, akaenda zake.

Sasa nnaandika garini. Salum anarudi dukani Qurum kugombana na muuzaji: "Kibanio kibovu, wallahi!" Kila taa nyekundu ananitazama. Uzi nnao mfukoni.

Niombee dua, Baba. Chubwi lako nalirudisha salama.

Mwanao, Seif