Baba, Kemunto Amepoa

Baba,

Usicheke. Mgeni akiisoma barua hii atadhani namwandikia mzee, na mzee yuko hapo nje anakamua ng'ombe. Lakini kwetu Gusii baba ni mama, na mimi sijawahi kukuita kingine. Unakumbuka kliniki kule Keumbu, uliponipeleka nikiwa mdogo, nesi alipouliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?" nawe ukamjibu kwa ukali, "Si ni mimi hapa!" Foleni nzima ilivunjika mbavu.

Nilijifungua, baba. Msichana. Tumempa jina lako, Kemunto, na mzee analiita hilo jina kutwa nzima bila sababu.

Juzi akashikwa na homa. Nilipomwambia nesi wa Kebirigo, "Kemunto ana joto sana," nilimkumbatia mtoto kwa nguvu, maana maneno hayohayo niliyasema juu yako na hukurudi nyumbani. Niliogopa, jamani. Niliogopa kumzika Kemunto mara ya pili.

Nesi akampima, akampa dawa, akanikalisha. Akasema seli zikivamiwa na virusi hutoa interferoni, kuonya seli jirani zijikinge. Ishara nyingine kama hizo, ziitwazo saitokini, huita chembe nyeupe za damu zije, na mwito huo ndio unaopandisha joto. Kingamwili nazo hukamata virusi visiingie kwingine. Nikasema, kumbe ni risaga! Vile ulivyokuwa ukipaza sauti kutoka shamba la wimbi, majirani wakaja kila mtu na jembe lake, palizi ikaisha, wakanywa uji. Akacheka, akasema, "Ndiyo, mama Kemunto, ni risaga."

Halafu akaniambia kingamwili nyingine mtoto amezipata kwangu, tumboni na kwenye maziwa. Nikauliza, na mimi je, zile za mama yangu bado ninazo? Akatikisa kichwa. Huisha mtoto akiwa bado mdogo. Baba, nililia mbele za watu kama niliyefiwa jana.

Kemunto amepoa. Sabato alinyonya akashiba, akanicheulia blauzi ya kanisani. Wenzangu wa mjini wanaitwa "mami" na watoto wao, na mimi nilikuwa nimepanga hivyohivyo. Sasa nakuahidi, huyu ataniita baba, hata foleni nzima icheke. Neno hilo ulilonipa halijaisha.

Pumzika, mama yangu.

Ni mimi,
baba wa Kemunto