Dakika Moja Mlangoni

Kaka yangu, wewe uliyenifundisha kushika usukani,

Kesho anakuja mtu kutoka Kasulu kulitazama gari lako, akilipenda alinunue. Kwenye simu aliniuliza, "Dada, hicho kigari kinakizidi nini kile cha kawaida?" Nikamwambia nitamjibu akifika. Ukweli ni kwamba jibu sina, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka ulipolileta hapa Kibondo? Kwa nje lilikuwa kigari kile kile cha walimu na wauza maharage, ila limeinama chini na lina turbo ya kuipa injini nguvu. Mama alilizunguka mara mbili, akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Lile gari lako la zamani lilifika Murungu na magunia ya mihogo. Hili lilikwaruza tumbo kwenye kila tuta, likanywa mafuta, na vipuri vyake viliagizwa Dar. Nilikukejeli sana. Lakini ulipokanyaga kwenye lami mpya, mgongo ukanata kitini, hata mimi nilicheka kwa raha. Hilo sitalikataa.

Halafu ile sheria yako: turbo haizimwi ghafla, inaachwa iungurume dakika moja ipoe. Kila jioni ulisubiri mlangoni, na mama akisikia muungurumo alipakua ugali wako. Ukiingia, sahani iko mezani.

Siku ile tulikuwa tunatoka Kasulu na vitenge vya duka. Kifua kikakubana, ukaniachia usukani. Niliendesha kwa kasi ambayo sijawahi kuendesha, na gari lilitoa kila ulichokuwa ukilisifia. La kawaida lisingefika saa ile. Nikasimama mlangoni mwa hospitali, mkono kwenye ufunguo, nikasubiri. Dakika nzima, kaka. Mkono ulishazoea, nikangoja injini ipoe na wewe uko pembeni yangu. Ndipo nikakimbia kuita watu. Walipokushusha, ulikuwa huna pumzi.

Daktari alisema hata kuwahi zaidi kusingebadilisha kitu. Labda. Lakini njia nzima gari liliniokolea muda, na mimi nikaurudisha mlangoni. Sijamwambia mtu, hata mama. Nikisikia gari lolote likiunguruma limesimama, naziba masikio.

Leo mchana nimelitoa nilioshe. Nikalirudisha mbele ya nyumba, na mkono huu usio na adabu ukasubiri tena. Ndani nikasikia mfuniko wa sufuria. Mama akatokea na sahani, akaniona nimekaa kwenye kiti chako, akasimama. Nikazima pale pale.

Hakulia. Alikuja taratibu, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi pale ulipokuwa umeketi siku ile, sahani mapajani.

"Mbona umezima?" akaniuliza. "Liwashe tena, mwana wanje, mwanangu. Liache kidogo."

Nilitaka kumwambia yote. Badala yake nikashika ufunguo. Nikaliwasha, likaunguruma, naye akafumba macho na kutabasamu, na mimi nikaihesabu ile dakika mpaka mwisho, kisha nyingine. Ugali ulipoa, hakuna aliyeugusa.

Kesho nitamwambia yule mtu akanunue la kawaida.

Mdogo wako,
niliyesubiri