Siri Aliyopewa Wifi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha nguo,
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za shule. Presha ya Baba Mdogo je? Mwambie dawa ni za kila siku, si za siku anayoumwa kichwa. Sisi hapa tunapumua. Kaka yuko safarini na lori lake, wanawe wawili wanakua pamoja na kelele zao, na mimi bado niko kwenye ule utafiti.

Najua umemkasirikia Mama. Mara tatu umemwita, na mara tatu ametoa sababu: mara mguu, mara mgeni, mara bomba limepasuka. Ukweli ni kwamba dada yako haogopi safari, anaogopa basi lisilosimama. Kibofu chake hakimsubiri. Akibanwa, ana dakika mbili tu. Akicheka au akikohoa, hana hata hizo. Huu ni mwaka wa sita. Ameniruhusu nikueleze, mradi Baba Mdogo asiisome barua. Basi kaa nayo peke yako, maana yanayofuata ni yangu, na Mama hajui kama nimeyaandika.

Kazi yangu unaijua. Tunachunguza afya ya kibofu kwa wanawake, hasa namna ya kuzuia matatizo kabla hayajaanza. Nawahoji mafundi cherehani wa kiwandani. Pale kila mstari wa mafundi arobaini una vibao viwili vya mbao vinavyoning'inia kwenye msumari, na bila kibao huendi chooni. Kwa hiyo wanawake wamejifunza kutokunywa maji na kujibana mpaka kengele ya mchana. Mama alishona pale miaka ishirini na miwili. Mtu yeyote mwenye akili angeunganisha mambo hayo mawili. Mimi nina shahada, sikuunganisha.

Tena nilimhoji! Tulipokuwa tunaijaribu fomu kabla ya kuanza, niliijaribu kwake. Alikuwa anakunja nguo. Nikamsomea maswali kumi na manne, na kila nilipofika mwisho wa swali, kalamu yangu ilikuwa imeshatia alama kwenye "hapana", kwa sababu mama yangu ni mzima, mama yangu hana mambo hayo. Tulimaliza kwa dakika nne. Kesho yake nikajisifu ofisini kwamba fomu yetu ni nyepesi.

Mwezi uliopita niliwahi kutoka kazini. Nikawakuta jikoni, Mama na wifi yangu, wamesimama bega kwa bega mbele ya sinki, kimya, macho ukutani kama askari wa gwaride.

"Mnafanya nini?"

"Tunahesabu," wifi akasema bila kugeuka.

"Mnahesabu nini?"

"Miaka uliyobakiza kuolewa, wifi yangu. Tukifika kumi tunaachia, tunaanza upya."

Mama akacheka mpaka akashika meza. "We mtoto, usinichekeshe, utaniharibia kazi yote!"

Nikaelewa papo hapo. Walikuwa wanakaza misuli ya chini, ile inayozuia haja ndogo, wanakaza na kuachia. Ni zoezi ninalowafundisha wanawake wa watu kila siku. Wamelitoa kwenye kipeperushi nilichokiandika mimi na kukiacha juu ya friji. Miezi mitatu walikuwa wakihesabu, na katika nyumba nzima asiyejua nilikuwa mimi.

Mama Mdogo, nimeona wivu, wala sisemi kwa mzaha. Wanawake mia moja na kumi wamenieleza wasiyowaeleza waume zao. Yule mmoja aliyeninyonyesha, siri yake amempa mke wa kaka, ambaye hajawahi kumuuliza swali hata moja. Alichofanya wifi ni kumsimulia yaliyompata mwenyewe baada ya uzazi wa pili, wakiwa wanafua, na Mama akafunguka.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia mimi.

"Uliniuliza?"

"Maswali kumi na manne, Mama!"

"Ukayajibu yote mwenyewe. Nikaona umeshamaliza, nikaendelea na nguo zangu."

Alisema bila hasira yoyote. Angekasirika ningepata pa kushika.

Mazoezi yamemsaidia kidogo, lakini kwa miaka sita inafaa aonwe na daktari. Amepata nafasi Alhamisi hii. Nilidhani ni wazi nani atampeleka. Akaniambia wifi ameshaomba ruhusa kazini, pale pale kiwandani anakoshona. Moyoni nikaomba anyimwe. Naandika hivyo kwako kwa sababu siwezi kuandika kwingine.

Na kweli akanyimwa. Msimamizi alimwambia kuna oda ya haraka. Siku hiyo nilikula kwa hamu kuliko wiki nzima. Nikamfuata Mama chumbani, nikamwambia asijali, nitampeleka mimi, madaktari wote pale nawafahamu. Akalainisha shuka kwa kiganja, akasema taratibu, "Basi tuahirishe, mwanangu. Mpaka wifi yako apate nafasi."

Nafasi nyingine ni baada ya miezi minne. Alikuwa tayari kukaa na maji yake miezi minne kuliko mimi niwe kwenye kiti cha pembeni kwa daktari.

Sikulala vizuri. Ijumaa nilikwenda kwa msimamizi, ambaye ananifahamu kwa sababu ya utafiti, nikambembeleza kama ninayemwombea mtoto wangu. Akakubali: wifi apewe Alhamisi nzima. Nilipotoka pale sikujisikia mwema hata kidogo. Wifi anadhani msimamizi kalainika mwenyewe. Mama pia. Tafadhali iwe hivyo.

Basi Alhamisi watatoka wawili, saa mbili asubuhi. Mimi nimeombwa nibaki na watoto, nimekubali. Tiketi ya basi ya Mama usitume kwanza, tusikie daktari atasemaje.

Msalimie Baba Mdogo, na binamu zangu mapacha, na jirani yako muuguzi. Kaka atakusalimu mwenyewe akirudi. Mama anakusalimu sana, anasema usimcheke. Wifi naye anakusalimu. Ananiuliza kila nikishika kalamu kama nimemwandika, basi nimemwandika.

Mungu akulinde, akupe siku nyepesi na usingizi usiokatika.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikiwa na moyo mbaya,

Kitindamimba wa dada yako.