Mpya Ipo, ya Zamani Ndiyo Inayoitika

Riruta, Nairobi, Jumapili mchana

Mama yangu,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umeinama shambani, maana nakujua: utaumwa wiki nzima halafu useme ni uchovu tu. Goti lako je? Yale majani aliyokuletea Baba Mdogo Wanyonyi yamesaidia, au bado unashikwa mkono kupanda ngazi za kanisa? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechoka, Mama, na kwako sina sababu ya kuficha.

Nimeandika kwa mkono kwa kuwa Baba Mdogo alisema maneno ya simu hayana sahihi, na jambo lililo mwishoni mwa barua hii atalitaka likiwa limeandikwa. Anayekuletea ni jirani yangu hapa kwenye ploti, fundi wa mawe, anasafiri kesho. Mpe chai, na usimwulize kama nimekonda.

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi niliyowaahidi. Najua mlikaa uani mkinisubiri nije niweke nguzo ya kwanza ya nyumba yangu, ili Wafula naye aweze kuweka yake, maana kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Najua hii ni mara ya tatu. Ameshamchumbia Nekesa wa watu, na hana nyumba ya kumleta. Sikuja. Wacha nikueleze kilichonishika, angalau ujue mwanao hakuwa baa.

Unakumbuka nilikwambia ofisi yetu iko Kileleshwa, na kazi yetu ni kuandika programu za kompyuta? Programu huandikwa vipande vipande, na kuna chombo ambacho kazi yake ni kuvichukua vile vipande na kuviunganisha viwe kitu kimoja kinachofanya kazi. Nacho si cha chuma, ni programu vilevile. Chetu kilikuwa cha zamani. Mteja wetu mpya alitaka tutumie kipya, tena hataki kilichokwisha kutengenezwa na watu asiowajua. Alitaka tuchukue maandishi yenyewe ya watungaji wake, tukitengeneze hapahapa ofisini, mstari kwa mstari ujulikane ulikotoka. Bi. Mwende, mkubwa wetu, akanipa mimi kazi hiyo Jumatatu asubuhi.

"Simiyu, hii kitu lazima iwe ready before Monday ingine. Mteja anakuja kuiona."

"Itakuwa ready, madam. Friday jioni mimi nasafiri nyumbani."

"Ukimaliza, enda. Usipomaliza, hakuna kwenda."

Nikacheka, Mama. Nilidhani ni kazi ya siku moja.

Siku ya kwanza yote iliisha kwa kutafuta vitu. Kompyuta ilikagua ikasema haina hiki. Nikikileta, hicho nacho kikasema hakifanyi kazi bila kile. Ni kama kutumwa chumvi kwa jirani, jirani akakutuma kwanza kiberiti. Jumanne nikavipata vyote. Nikaamuru itengeneze, maandishi yakapita kwenye kioo saa nzima bila kosa hata moja. Nikaiweka hiyo programu mpya ndani ya kompyuta, nikaiuliza: wewe ni toleo namba ngapi? Ikanijibu namba ya ile ya zamani.

Nikafuta kazi yangu nikaanza upya. Jumatano, namba ileile. Alhamisi nikaleta maandishi mengine kabisa, nikidhani ya kwanza yalikuwa na kasoro. Namba ileile. Ijumaa nilirudia tena, na saa ya kwenda kupanda gari ikanipita nimekaa palepale. Wafula alipiga simu mara mbili, sikushika. Ningemwambia nini?

Jana mchana, nyinyi mkiwa uani, Mutua akapita ofisini kuchukua mwavuli wake. Ni mtu wa Machakos, tunafanya kazi meza moja.

"Niaje Simiyu? Kwani hukuenda ocha kwenu?"

"Hii kitu imenimaliza. Nimeinstall mara nne, na kila nikiiuliza inanipa namba ya ile ya kitambo."

"Na ile ya kitambo ulitoa?"

"Zii. Kuna watu bado wanaitumia, niliiacha pahali yake."

Mutua akaweka mwavuli chini. "Basi si ndio hiyo inakujibu! Yako iko sawa kabisa. Machine inaanza kutafuta kwa folder ya kwanza. Ikipata moja inaitika, inaacha kutafuta. Hiyo mpya haijawahi hata kuitwa."

Tukabadilisha mpangilio wa pa kutafuta, kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Ile niliyoitengeneza Jumanne ilikuwa nzima tangu Jumanne. Kumbe ningesafiri. Mutua alipoondoka nililia, Mama, mtu mzima mwenye ndevu.

Jambo ambalo mwenzangu aliliona mara moja, mimi sikuliona siku tano, na najua kwa nini. Nimepewa jina la Babu. Kukhu, mkewe, alipokuwa akiita "Simiyu!" mimi nilikuwa nikinyamaza kwanza, nikingoja mzee aitike, hata kama aliyetakiwa kwenda kufunga ng'ombe ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Sikuwaza kumwondoa mkubwa mahali pake.

Lakini nimekaa tangu asubuhi nikifikiri. Pale nyumbani kila mara mnapouliza nani atajenga, mnaniita mimi kwanza, nami naitika: naja, naja. Nikishaitika, hakuna anayetafuta tena. Wafula yupo, mbao zake zimekauka, mikono yake ina nguvu, na hajawahi hata kuitwa. Nimechoka kuwa yule anayeitika bure.

Kwa hiyo Baba Mdogo asome haya mbele ya wazee: Mimi, Simiyu, mwana wa kwanza wa nyumba hii, nampa ndugu yangu Wafula ruhusa ajenge kabla yangu. Sina kinyongo, na asilaumiwe yeye. Nimetia sahihi hapo chini.

Najua litakuuma. Watu wa sokoni watasema mtoto wako amemezwa na Nairobi. Waache waseme, wala usiwajibu kwa hasira, goti litapanda moto. Boma sijalikataa. Nyumba yangu itakuja, ila isimzuie mtu.

Nisalimie Baba Mdogo, msomaji wa barua zetu na mwamuzi wa kila neno. Nisalimie Kukhu, umwambie bado naitika. Nekesa, shemeji yangu mtarajiwa, mpe pole kwa kungoja.

Na Wafula mwambie hivi: tangu nitoke jandoni silali kwa Mama, na kila nikija najibanza kwa majirani kama mgeni. Desemba nitabisha hodi kwake. Aniachie pembe moja ya kutandika mkeka.

Mwanao,
Simiyu