Murefu Aliyekataa Kusimama Wima

Mujukuu wangu Amisi,

Salamu toka huku Alunguli, kando ya muto Lualaba. Bibi yako iko muzima, mihogo imekomaa, shangazi yako amepata mutoto.

Unasema rafiki zako huko Kinshasa wanabishana juu ya pivo wa mupira wa kikapu, yule wa kucheza chini ya kikapu: anahitaji urefu ao bidii? Eti wewe utachaguliwa kwa urefu tu. Wapuuzi!

Wakati wa Wabelgiji nami nilichaguliwa kwa urefu, katika timu ya misioni. Padri aliyetufundisha kucheza akanipigia kelele: "Simama wima! Urefu wako njo kazi yako!" Nilikataa. Kila siku nilivuka Lualaba nikipiga kafi, na murefu anayesimama anapindua mutumbwi. Basi uwanjani pia nikapanua miguu, nikakunja magoti, kama ndani ya mutumbwi. Padri akatishia kunifukuza. Sikuinuka. Siku ya mechi, pivo wa timu ya reli, jitu zima, akanisukuma kwa mugongo mpaka miguu yake ikateleza. Akaanguka yeye. Padri akaniacha nicheze vile.

Basi, waache wakupime kimo. Urefu ulipewa na mama yako. Nafasi chini ya kikapu utaishika mwenyewe. Kunja magoti, mujukuu, lakini usimupigie muntu magoti.

Babu yako, asiyesukumika mpaka leo