Ni Mimi Niliyetia Kipande Kifupi

Yaya Anselimu,

Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini nilikuita yaya, kaka yangu mkubwa, tangu uliponipokea katika karakana ya Kalundu, na sina jina jingine la kukuita leo. Nakuandikia kwa aibu. Watu wanasema ulikufa kwa uzembe wako mwenyewe, na neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Habari za huku: waasi wameondoka mjini, barabara ya Sange inapitika, na mbao zinashuka tena kutoka milimani. Karakana imefunguliwa. Mkubwa wa kazi sasa ni mimi. Ukitaka kucheka, cheka.

Unakumbuka uhuru ulipofika, mzungu wetu mwenye karakana alivyopanda meli na masanduku yake? Alisema ile rabotezi, mashine yetu ya kuranda mbao, itakufa kabla mwezi haujaisha kwa sababu mtu mweusi hataiweza. Wewe uliishika mashine, na madawati ya shule zote za pwani hii ya ziwa yakapita mikononi mwako. Ulitufundisha kupapasa ubao pande zote mbili, tutafute misumari na mchanga. Ulitufundisha kupima pale ubao ulipo mnene zaidi, tuanzie hapo, na kupunguza kidogo kidogo. "Mashini isikule sana, itakabwa," ulikuwa ukisema. Tusimame kando ya mdomo wake, kamwe si mbele, maana ubao ukikataa unarudi kwa nguvu. Na juu ya yote: "Weye, randa kwanza, kata nyuma," yaani kukata ni baadaye. Ubao mrefu unashikwa na vyuma viwili vinavyozunguka, cha mbele na cha nyuma. Mfupi unapotea katikati, visu vinautupa.

Niliyajua yote hayo, yaya. Ningeweza kuyaimba.

Asubuhi ile tulikuwa wawili tu kazini, na majeneza matatu ya kumaliza, na wafiwa walikuwa wamekaa langoni wakingoja. Kwa haraka yangu nikakata vipande vya kichwani na miguuni kabla ya kuviranda. Nilipogundua kosa, niliogopa ulimi wako. Tena barabara ilikuwa imefungwa, mbao zilikuwa haba, na kutupa vipande vile ingekuwa dhambi nyingine. Wewe ulikuwa nje ukizungumza na wafiwa. Nikajiambia kimoja tu hakitadhuru kitu. Nikakitia. Na nikasimama kando, kama ulivyonifundisha! Hilo nililikumbuka vizuri, la kuokoa tumbo langu.

Ulisikia sauti ya mashine ikibadilika. Ukaingia mbio: "Achia mukanda! Achia!" Mimi niliganda pale pale. Mkono wa chuma wa kuachia mkanda unaozungusha visu uko upande wa pili, na njia ya karibu inapita mbele ya mdomo. Ukapita. Kipande kikarudi, kikakupiga tumboni.

Siku mbili ulilala hospitalini. Muuguzi alipokuuliza imekuwaje, ulisema, "Ni ubao tu." Ukanitazama, kisha ukafumba macho. Ulinifunika, yaya. Na mimi, kwenye matanga yako, nilipoulizwa, nilisema ulitia kipande kifupi mwenyewe ukasimama mbele yake. Sijui hata ni nani aliyeniuliza. Niliona nyuso zinanigeukia, nikasema.

Baada ya hapo maneno yalijiendea yenyewe. Bandarini wakasema, kumbe mzungu alisema kweli, hata Anselimu mashine ilimshinda. Niliyasikia nikiwa na sahani ya wali wa matanga yako magotini. Nilikula hadi nikamaliza.

Juzi, baada ya miezi kupita, tuliondoa matanga. Unajua desturi: anayeirithi kazi ya marehemu hupewa chombo chake mbele ya jamaa. Wajomba zako wakasema randa yako ya mkono ni yangu. Mama Ester mwenyewe akaniletea, ameifunga kwa kipande cha kitenge, akapiga goti kidogo kuninyooshea. Mke wako, apige goti mbele yangu! Mikono ilikataa kunyanyuka. Nikamwomba tusogee nyuma ya nyumba, na huko nikamwambia yote, tangu msumeno hadi mkanda.

Nilitegemea kofi. Alikaa chini kwenye kinu, akashika randa ile mapajani. Kisha akasema, "Kumbe. Miezi yote hii miye namukasirikia. Naenda kwenye kaburi namugombeza: weye mwenye kutukataza kila kitu, unatuacha kwa uzembe?" Akajifunika uso. "Toka hapa, Petro. Acha nimulilie vizuri."

Nilidhani nimekuibia jina tu. Kumbe hata machozi ya mke wako niliyaiba.

Jumatatu, kabla injini haijawashwa, nitawasimamisha wafanyakazi wote mbele ya rabotezi, na wajomba zako nimeshawaita. Nitawaonyesha niliposimama mimi, na ulipopita wewe. Wakinifukuza, nitaondoka. Halafu nitashuka bandarini, nimtafute kila mmoja aliyesema mashine ilikushinda, nimwambie hivyo hivyo, jina langu kwanza.

Pumzika, yaya. Msamaha sikuombi leo. Nitakuja kuuomba kaburini siku nitakapopita bandarini nisikie watu wanakutaja kwa heshima na mimi kama yule aliyetia kipande kifupi.

Mdogo wako,
Petro