Hawaniruhusu Niondoke Mikono Mitupu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Bosi wangu Darren kanirudishia ile fomu. Mara ya pili! Kampuni inataka kutuweka wahandisi wote sita kwenye tovuti, kila mmoja na picha na maelezo yake: katoka wapi, hobi zake nini, mwaka huu anataka kujifunza nini. Mimi nilijaza: kusoma, kutembea, muziki. Bosi anasema hayo ni maelezo ya marehemu. Andika kitu chenye uhai, Ndeshi. Haya.

Wenzangu wamemaliza zamani. Mmoja anapika bia gereji kwake. Mmoja anapanda miamba — hapa Sugar Land, Texas, pasipo hata na kichuguu, sijui anapanda nini. Mwingine anafuga nyuki. Na wote wanataka kujifunza lugha mpya ya programu, ileile moja. Sisi kazi yetu ni kuandika programu zinazokaa ndani ya mashine, kwetu ni vidhibiti vya pampu za maji. Watu wa waya na kunyamaza. Leo eti tujieleze.

Ninachotaka kujifunza mwaka huu: kuacha kazi. Hilo siandiki.

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika. Na nimefurahia, ndiyo ajabu yake.

Nilikotoka: Machame. Nikiwa darasa la sita nilimtengenezea mama kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa kifaa nilichong'oa kwenye pasi mbovu. Mayai sitini. Nikayapika yote! Tulikula mayai wiki nzima, mama anamenya tu. Cha pili kilitotoa vifaranga hamsini na wawili. Uhandisi wangu ulianzia hapo, si Arlington nilikosomea masters.

Hobi: Jumamosi natengeneza vitu vya majirani zangu Wakongo hapa Stafford. Friza, cherehani, kinanda cha kwaya. Nikamalizia na sentensi ambayo Darren kaisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima: hawaniruhusu niondoke mikono mitupu. Kasema sasa hii ndiyo stori!

Nimejisikia vizuri siku nzima. Miaka minane nchi hii, mara ya kwanza mtu ofisini kaniuliza pasi yenyewe ilikuwa ya aina gani. Ya mkaa haina cha kung'oa, nikamwambia, ilikuwa ya umeme.

Jumamosi, 10 Mei

Kwa Bibiche. Friza lake lilikuwa linaguruma halafu linazima. Kile kidude cha kuwashia mota kimeungua. Nusu saa, kwisha.

Bibiche ni mtu wa Uvira. Kaishi miaka tisa kambini Kigoma kabla ya kuletwa huku, na ananicheka kwamba yeye ndiye Mtanzania zaidi yangu. Anafunga maboksi ghala moja Missouri City. Wiki hii msimamizi kamfokea — Bibiche kavua kile kizibao cha njano, kamkabidhi, katoka. Jumatatu anaanza ghala jingine. Hivyo tu! Alikuja kama mkimbizi, sasa ni raia, anafanya kazi popote roho inapopenda.

Mimi nina digrii mbili na kibali chenye jina la kampuni moja. Nikiacha, niondoke nchini. Nikienda kumsalimia mama, sijui kama nitarudi. Miaka sita sijamwona. Faili langu la green card liko mwaka wa nne, na lenyewe linashikiliwa na kampuni. Darren akiwa na siku mbaya natabasamu. Nimekuwa hodari wa kutabasamu, khaa.

Nimepewa ndagala, zile dagaa kavu za Ziwa Tanganyika, mfuko mzima. Nyumba yote inanuka. Nimezila kwa ugali, nimelamba vidole.

Jumatatu, 12 Mei

Tupo hewani! Picha yangu imetoka nimekunja uso kama nadai. Nimemtumia mama linki. Kajibu kwa sauti, WhatsApp: mbona umewaambia Wazungu habari za mayai yangu?

Jumatano, 14 Mei

Mambo yameharibika.

Bi Pruitt wa HR, idara ya wafanyakazi, kaniita. Mlango kaufunga mwenyewe. Anasema wakili wa kampuni, huyu anayeshughulikia faili langu, kaisoma tovuti. Anataka kujua maana ya ile sentensi. Mikono mitupu. Napewa nini? Na nani? Mara ngapi?

Nikacheka, nikasema dagaa. Hakucheka.

Maana yake ni hii: kibali changu kinaniruhusu kufanya kazi kwa kampuni hii peke yake. Kumsaidia jirani bure, sawa. Kumsaidia jirani ukapewa kitu, hata chakula, hiyo inaweza kuhesabiwa kazi ya pembeni bila ruhusa. Inaweza. Inategemea. Wakili anapenda sana hilo neno. Na ikihesabiwa, green card kwaheri.

Kanipa karatasi ya ukurasa mmoja. Swali moja: umewahi kupokea malipo au kitu chochote chenye thamani kwa huduma yoyote nje ya kazi yako? Ndiyo. Hapana. Sahihi. Jumatano ijayo iwe mezani kwake.

Yelewii! Mimi mwenyewe nimejiandika. Kwa mkono wangu, na picha juu.

Alhamisi, 15 Mei

Maelezo yangu yameondolewa kwenye tovuti. Yamerudishwa yale ya kwanza: kusoma, kutembea, muziki.

Nimempigia Kamugisha, wakati wa chakula, nikiwa garini. Tulisoma wote Arlington, yeye kabaki kulekule, yuko Irving na kampuni ya simu. Kanijibu kwa Kiingereza chake cha kupanda ngazi, nikamwambia Mhaya we, shuka, mwenzio nakufa. Akashuka. Tiki Hapana, kasema. Dagaa si malipo, dagaa ni ujirani. Nani atakwenda kumwambia Pruitt?

Nikamkumbusha ile bahasha ya pesa niliyopewa na kwaya, nilipotengeneza kinanda. Akauliza: ulirudisha? Sikurudisha. Ilikuwa Krismasi, waliimba wakinipa, nirudisheje? Kasema basi hiyo isahau. Isahau kabisa, Ndeshi.

Sasa nakumbuka vyote. Tangu jana nahesabu tu. Kitenge. Sombe, kisamvu chao. Kuku mzima wa Pasaka. Hata chumvi! Elodie wa kwaya aliwahi kunipa chumvi, nilitengeneza taa ya jikoni, akasema leo hakuna kitu ndani ila huwezi kutoka hivihivi. Kachota chumvi kafunga kwenye karatasi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimejaribu kukataa. Sijui nilidhani itakuwaje.

Sufuria ya umeme ya Bibiche, ya kupikia wali, waya umelegea, dakika tano. Akaleta bakuli la sombe limefunikwa. Nikasema leo hapana, dada, nimeshiba. Akasema utakula kesho. Nikasema hapana, kweli, sichukui. Akaweka bakuli mezani, akakaa. Uso umembadilika. Akaniuliza taratibu: "Iko nini nimekukosea?"

Nimesema nimeambiwa na daktari. Daktari gani anakataza majani ya muhogo? Akasema basi ni mimi unakataa, si sombe.

Nimechukua. Nimelibeba bakuli mpaka garini kama mwizi, naangalia huku na huku. Sombe! Nani ananipiga picha, nchi nzima ina shughuli zake. Lakini niliangalia.

Nachukia hiki nilichogeuka.

Jumapili, 18 Mei

Bibiche kanibana baada ya ibada. Jana hakulala, anasema. Ikabidi niseme kitu. Sikusema chote — niliona haya. Nitamwambiaje kwamba bakuli lake linaweza kunifukuza nchini? Atalia, hatanipa tena hata maji. Nikasema tu: kazini wananiuliza habari za vitu ninavyowatengenezea. Wanataka kujua kama niliyoyaandika ni ya kweli.

Kashika kiuno. "Banasema weye ni muongo?"

Nikasema si hivyo hasa. Akasema anawajua watu wa ofisi, kawajua kambini miaka tisa, ofisi ikianza kukuuliza ujue haikuamini. Akanishika mkono, akasema hapana ogopa. Nikafurahi yameishia hapo.

Jumatano, 21 Mei

Nimeweka tiki. Hapana.

Saa nne asubuhi, kalamu ya Bi Pruitt mwenyewe. Kaniangalia nikitia sahihi, kasema asante Ndeshi, najua hii haikuwa rahisi. Kwa upole kabisa. Ingekuwa afadhali angefoka.

Darren kapita baadaye kwenye dawati, kaniuliza vipi ile lugha mpya, umeanza kujifunza? Nikasema ndiyo. Nikatabasamu.

Mama kapiga. Magoti yanamsumbua, kuku wanalishwa na jirani. Kaniuliza lini. Nikasema karatasi zikitoka. Karatasi zako, kasema, zinakaa tumboni kuliko mtoto.

Ijumaa, 23 Mei

Naandika garini, maegesho ya ofisi. Saa nane kasoro robo. Bibiche kakaa kiti cha pembeni, anakula karanga, ananiuliza naandika nini. Namwambia mambo ya kazi.

Niandike harakaharaka.

Saa sita na nusu mapokezi wananipigia: una mgeni. Natoka. Bibiche! Kavaa kitenge cha kanisani, kile cha kijani, kilemba juu. Mbele yake kwenye kaunta sufuria kubwa limefungwa kwa kanga. Na Bi Pruitt kasimama hapo, kashika karatasi tatu zilizobanwa pini, anasoma. Anafungua ukurasa wa pili.

Bibiche anang'aa! Anamwambia Pruitt kwa Kiingereza chake cha ghalani: she is true, she is very true. Ananigeukia: nimekwambia hapana ogopa. Sufuria ni sombe na wali, la wakubwa wangu, maana huwezi kwenda kwa bosi wa mtu hivihivi.

Pruitt kamaliza kusoma. Kamshukuru Bibiche vizuri sana, kweli, kampa mkono. Halafu mimi: saa nane ofisini kwangu, wakili atakuwa kwenye simu. Kaondoka na barua. Sufuria limebaki kaunta, msichana wa mapokezi analinusa.

Nakala ninayo. Bibiche kaniletea yangu, eti niitunze. Elodie ndiye kaipiga chapa kwa Kiingereza, Bibiche kasema maneno. Wametia sahihi watu kumi na mmoja, na mchungaji na muhuri wa kanisa. Naitafsiri hapa nisije nikapoteza:

"Sisi tunamjua Ndeshi miaka mitatu. Si muongo. Ni fundi wa kweli. Alipokuwa mtoto aliunguza mayai ya mama yake na hakuacha. Kinanda chetu kilikuwa kimekufa, akakaa nacho Jumamosi nne, sasa kinaimba. Anapenda mashine kama mtu anavyopenda watu, na watu pia anawapenda lakini anaficha. Anataka kujifunza kupika sombe, tutamfundisha. Hajawahi kutuomba kitu. Sisi ndio tumempa, kila mara, kwa sababu sisi ni watu wenye adabu."

Halafu orodha. Kurasa mbili! Kila kitu nilichotengeneza, na mbele yake kile walichonipa. Friza, ndagala. Cherehani, kitenge. Kinanda, bahasha ya kwaya, na tarehe yake.

Nimemuuliza kwa nini wameandika vyote. Sikumuuliza kwa ukali, nilijitahidi. Kashangaa. Kasema kule kambini, kwenye mahojiano, ukisahau kitu kimoja kidogo tu wanasema umedanganya, faili lako linarudi chini kabisa. Mdogo wake alisahau jina la mto. Miaka miwili wakamweka! Kwa hiyo Jumatatu usiku na Jumanne wamekaa wote kwa mchungaji, wanakumbushana, huyu anataja hiki, yule kile. Kapoteza siku moja ya ghala jipya ili ailete mwenyewe.

Hiyo barua ndiyo maelezo yangu. Nilikotoka, ninachopenda, ninachotaka kujifunza. Hakuna mtu kaniandika hivyo tangu nizaliwe. Nimelia, na Bibiche kadhani ni furaha, kanipangusa kwa ncha ya kitenge. Kidogo ilikuwa furaha.

Saa nane kasoro tano. Naona dirisha la Pruitt kutoka hapa, pazia liko wazi, simu iko mezani. Karatasi yangu yenye tiki ya Hapana iko kwenye droo yake, niliiona akiiweka.

Bibiche kaacha karanga. Kanitazama vizuri sasa. Ananiuliza mbona sitelemki, kama kuna kitu wamesahau kuandika.

Nimemwambia hapana, dada. Hata chumvi ya Elodie mmeiweka.